SOMO: Namna ya Kuomba Msaada kwa Wapenzi wa Elektroniki Mradi Unapokwama



Katika miaka hii vijana wengi wa parokia zetu wamejifunza kuunda vifaa vidogo vya elektroniki na kuviandikia programu. Wapo wanaopima maji ya tangi, wapo wanaowasha taa za banda la kuku kwa saa maalumu, na wapo wanaofuatilia joto la friji ya chanjo. Kazi hizi ni njema na gharama zake si kubwa. Lakini karibu kila mradi wa namna hii hufika mahali pa kukwama: waya zote zipo, programu imeandikwa, na kifaa hakifanyi kazi. Hapo ndipo kamati nyingi hufanya moja kati ya makosa mawili. Ama hununua kifaa kingine, ama huuacha mradi kimya kimya.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kuuliza. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Somo hili linaonyesha kwamba kuuliza nako ni kazi inayohitaji maandalizi kama kazi nyingine yoyote ya mradi, na kwamba kamati ina sehemu yake katika kazi hiyo.

LENGO LA SOMO

Baada ya kusoma somo hili, kamati iweze: (a) kueleza jumuiya za wapenzi wa elektroniki ni watu gani, (b) kuwasaidia vijana wake kuandaa swali linaloweza kujibiwa, (c) kupanga muda na fedha kidogo kwa ajili ya kazi hiyo.

1. JUMUIYA HIZI NI WATU GANI?

Ni watu wanaofanya elektroniki kwa kupenda. Kuna wahandisi wastaafu, walimu, wanafunzi, mafundi redio na wengine ambao mchana wana kazi tofauti kabisa. Jioni hukaa mezani na chuma cha kulehemu, na wakipata nafasi huwajibu wageni wanaokwama. Hawalipwi chochote.

Desturi hii si ya jana. Tarehe 5 Machi 1975, katika gereji moja huko Menlo Park, California, kilikutana kwa mara ya kwanza kikundi kilichoitwa Homebrew Computer Club. Wanachama wake waliletana vifaa, michoro na maswali. Mmoja wao, Steve Wozniak, aliwagawia wenzake michoro ya kompyuta aliyoiunda, ambayo mwaka 1976 ilianza kuuzwa kwa jina la Apple I. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, walimu na wanafunzi wa chuo cha usanifu walitengeneza bodi ndogo ya bei nafuu iitwayo Arduino, kwa ajili ya wanafunzi ambao hawakuwa wahandisi. Michoro ya bodi hiyo na programu yake viliachwa wazi ili kila mtu aweze kuvisoma na kuvitumia. Kwa sababu hiyo watu wengi sana duniani wanaifahamu bodi ileile anayoitumia kijana wa kigango chenu, na swali lake linaweza kueleweka Italia, India au Brazili.

Basi kamati ikumbuke jambo moja: anayejibu anatoa muda wake wa kupumzika. Hayupo mahali petu, hakioni kifaa chetu, wala hajui zahanati yetu ina shida gani. Anachokijua ni kile tu tulichomwandikia.

2. KISA CHA TANGI LA ZAHANATI

Nieleze tulivyojifunza sisi wenyewe. Zahanati yetu ina tangi la lita 5,000 juu ya mnara. Mlinzi alikuwa akipanda ngazi usiku kutazama maji. Mara nyingine alichelewa, maji yakamwagika na dizeli ya pampu ikapotea bure. Mara nyingine tangi lilikauka bila mtu kujua, na asubuhi akina mama waliokuja kujifungua walikuta ndoo tupu. Vijana wawili waliomaliza kidato cha nne waliomba kamati iwanunulie vifaa: bodi ya Arduino Uno, kihisi cha mwangwi aina ya HC-SR04 cha kupima umbali hadi uso wa maji, na moduli ya simu aina ya SIM800L ya kumtumia mlinzi ujumbe mfupi. Fedha zilitoka kwenye mchango wa wafadhili.

Kihisi kilipima vizuri. Lakini kila kifaa kilipotaka kutuma ujumbe, kilijizima na kuwaka upya. Vijana walihangaika wiki tatu. Walibadilisha programu, wakabadilisha laini, wakabadilisha waya. Mwishowe waliomba ruhusa ya kuwauliza wapenzi wa elektroniki walio nje. Mwenyekiti wetu alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Wanangu, mnataka tuwatangazie wageni kwamba tumeshindwa? Wafadhili wakisikia je?”

Nakiri kwamba siku ile wengi wetu tulikuwa upande wa mwenyekiti. Tuliona aibu. Mjumbe mmoja, mama muuguzi wa zahanati ileile, ndiye aliyetutoa: “Mzee, mgonjwa anayemficha mganga ugonjwa wake anapona vipi?” Ruhusa ikatolewa.

3. SWALI LA KWANZA NA SWALI LA PILI

Swali la kwanza la vijana lilikuwa hivi:

“Habari. Mradi wetu wa maji haufanyi kazi. Tumejaribu kila kitu. Tafadhali tusaidieni haraka, ni kwa ajili ya wagonjwa.”

Waliambatanisha picha moja ya waya zilizosongamana, iliyopigwa usiku. Walijibiwa na watu wawili. Wa kwanza aliuliza, “Haufanyi kazi kwa namna gani?” Wa pili alishauri wanunue bodi nyingine. Vijana walivunjika moyo, wakadhani wamedharauliwa.

Hawakudharauliwa. Hebu lisome tena swali lile kana kwamba hukijui kifaa. Halisemi ni vifaa gani, vimeunganishwa vipi, programu inasemaje, wala kinachotokea ni nini. Kusema ni kwa ajili ya wagonjwa kunagusa moyo, lakini hakumwonyeshi mtu waya uliokosewa.

Tuliketi nao tukaliandika upya. Swali la pili lilikuwa hivi:

“Tunataka kifaa kitume ujumbe mfupi mmoja kila saa kueleza kina cha maji. Tunatumia Arduino Uno, kihisi HC-SR04 na moduli SIM800L. Moduli inapata umeme kutoka tundu la volti 5 la bodi, na bodi inapata umeme kwa waya wa USB. Tulitarajia ujumbe ufike. Badala yake, sekunde chache baada ya amri ya kutuma, bodi inajizima na kuanza upya, kila mara. Tukiondoa moduli ya simu, vipimo vya kihisi ni sahihi. Tumelinganisha na futi kamba kwenye sentimita 50, 100 na 150. Tumejaribu laini mbili za kampuni tofauti, hali ni ileile. Mchoro wa waya na programu fupi yenye tatizo hili peke yake tumeviweka hapa chini.”

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi. Moduli ile inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, hivyo volti 5 zinaizidi. Tena inapotuma, huvuta umeme kwa mishtuko mifupi inayoweza kufika ampea 2, na bodi ya Uno iliyounganishwa kwa USB ina fyuzi ya miliampea 500. Umeme ulikuwa ukishuka ghafla na bodi ikizimika. Programu haikuwa na kosa. Dawa ilikuwa kuipatia moduli chanzo chake chenyewe cha umeme chenye volti na nguvu inayofaa, kuweka kapasita kubwa karibu nayo ya kumeza mishtuko ile, na kuunganisha waya hasi wa vyanzo vyote pamoja. Vifaa vilivyopungua viligharimu kidogo kuliko bodi mpya tuliyokuwa tayari kuinunua. Wiki tatu vijana walikuwa wakitafuta kosa kwenye programu, na lilikuwa kwenye umeme.

4. MAMBO SITA YA SWALI LINALOJIBIKA

Kutokana na tukio hilo tuliandika mambo sita, tukayabandika ukutani katika chumba cha vijana:

(i) Lengo. Sema kwa sentensi moja kifaa kinatakiwa kufanya nini.

(ii) Vifaa. Andika majina kamili kama yalivyoandikwa kwenye bodi, pamoja na chanzo cha umeme na volti zake. “Kihisi cha maji” hakitoshi, maana vipo vya aina nyingi.

(iii) Mchoro. Chora kwa mkono kwenye karatasi safi, waya baada ya waya, kisha upige picha mchana. Mchoro huonyesha ulichokusudia, na picha ya kifaa huonyesha ulichofanya. Mara nyingi kosa lipo katikati ya hayo mawili.

(iv) Programu. Itume kama maandishi, usitume picha, ili msaidizi aweze kuijaribu kwake. Kwanza ipunguze mpaka ibaki sehemu ndogo kabisa inayoonyesha tatizo. Usishangae ukipata jibu mwenyewe wakati wa kupunguza.

(v) Ulichotarajia na ulichokiona. Nakili ujumbe wa kosa neno kwa neno. Kama kipimo si sahihi, toa namba. Kwa mfano, kihisi cha mwangwi hupima muda wa sauti kwenda na kurudi. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20, hivyo kwa umbali wa mita 1 mwangwi hurudi baada ya milisekunde 5.8 hivi. Kijana akiandika kwamba kwenye mita 1 anasoma sentimita 200, msaidizi atajua papo hapo kuwa hakugawanya kwa mbili. Akiandika “kinasoma vibaya”, hakuna atakayejua.

(vi) Ulichojaribu. Eleza hatua na matokeo yake, hata yale yaliyoshindikana. Humwokolea msaidizi muda, na humwonyesha kwamba nawe umefanya kazi.

Kuhusu lugha, jumuiya nyingi kubwa hutumia Kiingereza, na vijana wetu huogopa. Tuwatie moyo. Sentensi fupi za kawaida zinatosha, na programu, namba na mchoro husomeka kwa watu wa lugha zote. Mwalimu wa sekondari iliyo karibu anaweza kupitia swali kabla halijatumwa.

5. SIKU YA HAMSINI

Kifaa kilifanya kazi. Mlinzi aliacha kupanda ngazi usiku, na sisi tuliandika taarifa kwa wafadhili kwamba mradi umefanikiwa. Wiki saba baadaye, usiku mmoja, simu ya mlinzi ilianza kupokea ujumbe uleule mfululizo, mmoja baada ya mwingine, hadi salio la laini likaisha. Kuanzia hapo kimya. Kesho yake tangi lilikauka.

Safari hii vijana hawakungoja wiki tatu. Waliandika mambo sita na kuuliza. Jibu lilitufundisha sote. Bodi ile ina saa ya ndani inayohesabu milisekunde tangu ilipowashwa. Namba kubwa kabisa inayoweza kuhifadhi ni 4,294,967,295, yaani siku 49 na saa 17 hivi. Ikifika hapo hurudi sifuri, kama mita ya pikipiki inavyorudi sifuri ikijaa. Programu yetu ilikuwa ikipanga “saa ya ujumbe ujao” kwa kujumlisha saa moja kwenye saa ya sasa. Saa moja kabla ya kujaa, jumla hiyo ilivuka mpaka ikawa namba ndogo. Bodi ikaona muda umekwisha kupita, ikatuma. Ikapanga tena, ikaona tena umepita, ikatuma tena.

Dawa ilikuwa kubadilisha mstari mmoja. Badala ya kuuliza kama saa fulani imefika, programu iulize ni muda gani umepita tangu ujumbe wa mwisho, kwa kutoa saa ya mwisho kwenye saa ya sasa. Kwa namba za aina ile, hesabu ya kutoa hubaki sahihi hata saa ikirudi sifuri. Msaidizi aliwaonyesha pia namna ya kupima bila kungoja siku 50: kujumlisha namba kubwa kwenye saa, ili bodi ijione tayari iko siku ya 49. Mchana uleule walijaribu programu ya zamani, ikakosea mbele ya macho yetu. Wakajaribu mpya, ikapita salama.

Hatukuwa tumewadanganya wafadhili kwa makusudi, lakini tulitoa taarifa mapema mno. Tuliwaandikia barua ya pili tukaeleza yaliyotokea na yaliyorekebishwa. Tuliogopa barua ile, nayo ikawa mwanzo wa mazungumzo ya wazi zaidi kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo nao.

6. TAHADHARI

Kwanza, usitume siri. Kabla ya kutuma programu, futa namba za simu, namba za siri za laini na nywila zote. Taarifa za wagonjwa zisitoke kabisa.

Pili, usiombe kufanyiwa mradi mzima. Omba msaada wa tatizo moja kwa wakati. Anayeandikiwa programu yote hatajua kuirekebisha ikiharibika.

Tatu, usiamini kila jibu. Wasaidizi nao hukosea. Soma majibu kadhaa, uliza sababu, jaribu kwanza mezani. Jibu lisiloeleza sababu lipimwe zaidi.

Nne, umeme wa volti 230 si wa kujifunzia kwa ushauri wa mbali. Kuunganisha pampu au mashine yoyote ya umeme wa gridi ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni.

Tano, heshimu kazi ya watu. Programu nyingi zinazotolewa bure huja na masharti ya leseni. Jina la mwandishi na maneno ya leseni yasifutwe, na kamati iweke kumbukumbu ya kilichochukuliwa na kilikotoka.

Sita, rudisha jibu. Tatizo likiisha, waandikie waliokusaidia: nini kilikuwa kosa, nini kilikuwa dawa. Shukrani ya namna hiyo humfaa pia kijana mwingine atakayekwama mahali hapohapo.

7. WAJIBU WA KAMATI NA WAFADHILI

Kamati iwape vijana ruhusa ya kuuliza tangu siku ya kwanza, na wajumbe wasiichukulie kama kukiri kushindwa. Liwepo daftari la mradi lenye mchoro wa mwisho, programu ya mwisho, maswali yaliyoulizwa na majibu yake. Vijana huoa, huolewa, huhamia mjini kutafuta maisha, na daftari ndilo litakalobaki na zahanati.

Katika bajeti, pamoja na vifaa, viwekwe vitu vitatu vidogo: vipuri vya akiba, vocha za intaneti, na testa nzuri ya kupimia volti. Katika ratiba, kiwekwe kipindi cha majaribio kisichopungua siku 60 kabla ya taarifa ya mwisho.

Kwa wafadhili tunaomba jambo moja. Mnapopokea taarifa ya mradi wa aina hii, pamoja na kuuliza “kifaa kinafanya kazi?”, ulizeni pia: “Mlikwama wapi, mlimwuliza nani, na mlijibiwa nini?” Kamati ikijua kwamba swali hilo linakuja, haitakuwa na sababu ya kuficha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika kamati yetu kuna mradi uliokwama ambao hatujawahi kumwuliza mtu yeyote? Kilichotuzuia ni nini?

2. Chukueni tatizo moja la kifaa chochote, hata redio au pampu. Liandikeni kwa mambo sita, kisha mpeni mtu asiyekijua kifaa hicho alisome. Amebaki na maswali gani?

3. Nani kati yetu atatunza daftari la mradi?

4. Je, taarifa yetu ya mwisho kwa wafadhili ilieleza matatizo, au ilieleza mafanikio tu?

Tangi la zahanati yetu bado linatuma ujumbe kila saa. Vijana wale wawili sasa nao huwajibu wengine wanaoanza. Juzi nilimkuta mmoja wao akimwandikia mtu wa mbali asiyemjua, na swali lake la kwanza lilikuwa: “Moduli yako inapata umeme kutoka wapi?”